Utayarishaji Endelevu: Nini Kiendelee Kamera Zikishaondoka Mweru?

Tarehe 1 Desemba ya kila mwaka Zambia hufunga uvuvi katika sehemu kubwa ya maji yake hadi mwisho wa Februari, samaki wapate kuzaliana. Wilaya ya Nchelenge, inayoishi kwa Ziwa Mweru, inaujua uzito wa miezi hiyo mitatu. Inajua pia hasara ya kuchelewa. Samaki aitwaye mpumbu alikuwa akipanda Mto Luapula kwa makundi kwenda kutaga, naye akavuliwa humo humo njiani, mayai yangali tumboni, hata uvuvi wake ukaporomoka kufikia katikati ya karne ya 20.

Mahali kama hapo neno endelevu halihitaji maelezo marefu. Limetokana na kitenzi endelea, kwa kiishio -vu kilekile kilichotupa vumilivu kutoka vumilia na sikivu kutoka sikia. Wavuvi, wakulima na wahifadhi wamelizoea. Sasa limeingia katika tasnia ya filamu, kwenye istilahi utayarishaji endelevu: utengenezaji wa filamu unaopunguza mafuta yanayochomwa, taka zinazoachwa na ardhi inayovurugwa.

Wapo wanaosema uzalishaji endelevu. Tatizo ni kwamba katika habari za tabianchi, uzalishaji ndio hasa jina la kutoa hewa ukaa angani. Msomaji anayekutana na “uzalishaji endelevu” anaweza kudhani moshi wenyewe ndio unaoendelezwa. Utayarishaji ni salama zaidi, na mtayarishaji wa filamu tayari anafahamika kwa jina hilo.

Hata hivyo istilahi hii ina swali ndani yake. Upigaji picha hauendelei. Huchukua wiki au miezi kadhaa, kisha malori hufungasha. Kinachotakiwa kuendelea ni mahali palipopigwa picha. Fasili isiyosema hivyo waziwazi ina pengo.

Pengo hilo si jipya. Maji ya Mweru hutoka kwa Mto Luvua na kuingia Lualaba, ambao hupita Ubundu, Kongo. Karibu na hapo, kwenye Mto Ruiki, mwongozaji John Huston alipiga mwaka 1951 sehemu ya filamu The African Queen, kabla ya kundi lake kuhamia Uganda. Kambi ilijengwa msituni, mashua ya hadithi ikazama na kuopolewa, na wengi wakaugua tumbo. Zama hizo kambi ya filamu ilipimwa kwa ushujaa wa walioistahimili. Hakuna aliyepima msitu.

Leo vipimo vipo. Mwaka 2021 muungano wa kampuni kubwa za Marekani, Sustainable Production Alliance, ulitoa hesabu kwamba filamu ya bajeti kubwa kabisa hutoa kwa wastani tani 3,370 za hewa ukaa, na karibu nusu yake ni mafuta ya magari na jenereta. Uingereza ina kikokotoo kiitwacho albert, kinachomwezesha mtayarishaji kuhesabu safari, umeme na vifaa vyake kabla ya kuanza.

Tuifanye hesabu hiyo kwa Nchelenge. Kutoka Lusaka kupitia Serenje na Mansa ni takribani kilomita 1,000. Lori likila lita 35 za dizeli kwa kila kilomita 100, kwenda na kurudi ni lita 700. Na kwa kuwa lita moja hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa, lori moja tu linakaribia tani mbili. Malori 20 ni tani 38, kabla ya taa yoyote kuwashwa! Ndiyo maana kukodi mashua, mafundi seremala na wapishi wa Nchelenge na Kashikishi ni hatua ya mazingira kama ilivyo ya uchumi. Taa za LED na betri kubwa hupunguza kazi ya jenereta, lakini ukame wa 2024, uliopunguza sana maji ya mabwawa ya umeme na kuitia Zambia katika mgao mkali wa umeme, ulionyesha kuwa betri nazo zinahitaji mahali pa kuchajiwa. Paneli za sola zinapaswa kuwamo katika bajeti tangu mwanzo.

Maji ya kunywa nayo ni suala zito. Fuko za Mweru zimewahi kupigwa na kipindupindu, kwa hiyo mgeni hukimbilia chupa za plastiki. Matangi yenye vichujio hutatua mambo yote mawili, na yanaweza kuachiwa zahanati au shule.

Namibia, jirani wa Zambia, ina funzo la namna ya kuandika mikataba. Filamu ya Mad Max: Fury Road ilipigwa huko mwaka 2012. Mwaka uliofuata zilitoka taarifa kwamba magari yake yaliharibu sehemu nyeti za jangwa la Namib. Tume ya Filamu ya nchi hiyo ikakanusha. Mabishano ya aina hiyo humalizwa na vipimo vilivyochukuliwa kabla ya gari la kwanza kufika. Kwa Mweru, yangepimwa matete ambamo samaki hutagia, visima, na mchanga wa pwani zinakotia mashua. Kisha amana ya ukarabati iliyowekwa na mtayarishaji ingebaki kwa halmashauri ya wilaya hadi msimu mmoja wa mvua upite, kwa kuwa mmomonyoko kwenye njia za malori hujitokeza mvua zikianza kunyesha.