Kijiti cha Kuchokolea Meno

Wasikilizaji wangu, hapa Singida Mjini mtu akiisha kula nyama ya kuku hutafuta kijiti achokoe meno. Jambo hili dogo ni la kale kuliko falme zote.

Katika bonde la Olduvai, kaskazini ya nchi yetu, lilichimbuliwa jino la mtu wa kale aliyeishi yapata miaka 1,800,000 iliyopita. Ubavuni mwake pana mfuo mwembamba, nao wataalamu wameufasiri kuwa ni alama ya kijiti au unyasi uliopitishwa mara nyingi.

Watu wa pwani na Waarabu waliuchagua mswaki, mti wa nchi kavu, wakautafuna ncha hata ikawa kama brashi. Huko Marekani, katika karne ya 19, Charles Forster alianza kutengeneza vijiti kwa mashine, vikaenea duniani.

Lakini jino lile lina fundisho: ikiwa kijiti kimechimba jino gumu, ufizi je? Basi tumia kijiti safi, chako peke yako, taratibu. Usitumie waya wala msumari. Na jino likiuma, kijiti si dawa: mwendee tabibu wa meno.