Tarumbeta la jeshi na wale ambao halijawalilia

Tarumbeta la harusi tunalijua sote, lile lenye vitufe vya kubonyeza. La jeshi ni nduguye, ila halina kitufe hata kimoja. Ni mrija wa shaba uliokunjwa, na mpigaji hubadilisha sauti kwa midomo na pumzi tu, kama ilivyo kwa siwa zetu za Pate na Lamu. Ndiyo maana milio yake ya kijeshi hutungwa kwa noti tano hivi.

Jeshi lililipenda kwa sababu sauti yake hupenya vishindo vya vita na kufika pasipofika sauti ya afisa. Kila amri ikapewa mlio wake: kuamka, kula, kukusanyika, kusonga mbele, kurudi nyuma. Redio ilipoenea kazi ya vitani ikaisha, likabaki na kazi za kambini na za maziko.

Mlio mashuhuri zaidi katika majeshi yaliyorithi desturi za Uingereza, likiwemo letu, ni Last Post. Awali uliashiria kwamba vituo vya walinzi vimekaguliwa na siku imefungwa. Ulipoingia makaburini, maana yake ikawa marehemu amemaliza zamu yake. Mjini Ypres, Ubelgiji, hupigwa kila saa mbili usiku tangu 1928, isipokuwa miaka ya uvamizi wa Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia. Hupigwa chini ya lango lililochongwa majina ya askari zaidi ya 54,000 wasiojulikana walikolazwa.

Majina! Hapo ndipo pananiuma. Sanamu za askari zilizoko barabara ya Jomo Kenyatta, Mombasa, zinawakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza bila kuwataja. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa.

Sisi Waislamu maiti wetu tunamsalia na kumwombea dua, wala hahitaji tarumbeta. Lakini hata dua humtaja mtu kwa jina lake na la mzazi wake. Kama nyumbani kwenu kuna mzee anayekumbuka nani alichukuliwa upagazi na hakurudi, kaa naye wiki hii, uandike. Akiondoka yeye, na jina limekwenda.