Marubani wa Saa Saba

Novemba 1939, vita vikiwa na miezi miwili, kijana mmoja wa kampuni ya Shell aliondoka Dar es Salaam kwa gari kwenda Nairobi kujiandikisha katika jeshi la anga la Uingereza. Ni Roald Dahl, ambaye baadaye watoto walimjua kwa hadithi zake za chokoleti na majitu. Alikuwa na miaka 23, na urefu wake ulikaribia mita mbili, kimo kisichofaa kabisa kwa kazi aliyoiendea.

Yeye na wenzake walifundishwa kwa Tiger Moth, ndege ya viti viwili isiyo na paa, mabawa yake ya mbao yamewambwa kitambaa. Haikuwa na stata. Fundi alisimama mbele, akalishika pangaboi kwa mikono na kulizungusha kwa nguvu, kisha akaruka kando upesi injini ikishika. Dahl alipoketi, kichwa kilipita juu ya kioo cha mbele na upepo ukamziba pumzi, hata ikambidi ajifunge kitambaa puani na mdomoni. Chini yake, wanyama wa nyika za Kenya. Alipotimiza saa 7 na dakika 40 hewani, aliruhusiwa kuruka peke yake. Wenzake darasani walikuwa 16. Watatu tu kati yao waliiona amani.

Wakapelekwa Habbaniya, Iraki, miezi sita ya joto na mazoezi.

Tarehe 19 Septemba 1940 alikabidhiwa ndege ya kivita aina ya Gladiator, aipeleke kwa Kikosi cha 80 katika jangwa la Misri. Alipofika alikoelekezwa hakukuta kiwanja. Mafuta yakapungua, giza likaingia, akajaribu kutua mchangani, magurudumu yakagonga jiwe. Fuvu lilipasuka, pua ikapondeka, macho yakapoteza nuru kwa wiki kadhaa. Uchunguzi ulibaini kwamba mahali alipoelekezwa hapakuwa sahihi. Mwaka 1942, huko Marekani, jarida lilichapa kisa chake chini ya kichwa kilichodai kwamba alitunguliwa Libya. Msomaji wa wakati wa vita alitaka adui, si ramani mbovu. Dahl mwenyewe alikuja kuisimulia ajali ilivyokuwa katika kitabu chake cha mwaka 1986, ingawa wasimulizi hodari huwa siwaamini kwa asilimia mia.

Alipopona, Aprili 1941 alivuka bahari kwenda Ugiriki na Hurricane, ndege ya kasi aliyokuwa ameirusha kwa saa 7 tu. Huko Waingereza walikuwa wamebakiwa na Hurricane 14 na ndege 4 za mabomu aina ya Blenheim. Tarehe 20 zilipaa Hurricane 12 kuilinda Athens. 5 zikatunguliwa, marubani 4 wakafa. Mmoja wao alikuwa Pat Pattle, mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye wengi humtaja kuwa rubani aliyetungua ndege nyingi kuliko wote upande wa Uingereza.

Nyaraka zilipotea wakati majeshi yakikimbia Ugiriki. Hesabu ya Pattle ikabaki mikononi mwa maveterani: shajara za marubani na mafundi, na yale waliyoyakumbuka uzeeni. Ndiyo maana mpaka leo wapo wanaompa ndege 40, na wapo wanaompa hamsini na ushei.