Edward Tingatinga: Kutoka Mkonge wa Tanga Mpaka Katuni za BBC

Wadau wa Handeni na Korogwe, ukitaja tingatinga wengi mnafikiria lile trekta. Yupo Tingatinga mtu, na kipande cha maisha yake kilipita mkoa huu huu wa Tanga.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 Tunduru. Ujanani akaja Tanga kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, zama zile Korogwe ilipokuwa imejaa manamba kutoka kusini. Baadaye akashukia Dar: mara mtunza bustani kwa Mzungu, mara fundi ujenzi, huku akipiga ngoma. Shule ya uchoraji hakuisogelea.

Kwenye mwaka 1968 akaanza kuchora kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya hadibodi. Chui mmoja katikati, nyuma rangi tupu, basi. (Mandhari za vijiji na Mlima Kilimanjaro mnazoziona siku hizi ziliongezwa na waliomfuata.) Mkewe Agatha alikuwa akiziuza nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, na wateja wengi walikuwa wageni. Biashara ikakua mpaka akawaita ndugu zake, akawafundisha. Halafu 1972 polisi wakampiga risasi Dar wakidhani ni mhalifu anayetoroka. Yaani jamaa alichora miaka kama minne tu!

Sasa katuni zimeingiaje? Angalia mchoro wenyewe: rangi bapa, mistari ya pembeni iko wazi, vivuli karibu hakuna. Kwenye kompyuta unatenganisha mguu, shingo na mkia kama vipande vya karatasi, unavichezesha, huna haja ya kumchora mnyama upya kila picha. Mwaka 2010 CBeebies, chaneli ya watoto ya BBC, ikaanza kurusha Tinga Tinga Tales, vipindi 52 vya hadithi za wanyama. Muziki ulitungwa na Mkenya Eric Wainaina.

Hapo ndipo panapouma. Mtindo umezaliwa Dar, lakini kazi ya kuzichezesha picha ilifanyika Nairobi, studio ya Homeboyz, pamoja na kampuni ya Tiger Aspect ya Uingereza. Wachoraji wa Dar walikuwa na chama chao cha ushirika tangu 1990, ila hakimiliki ni kitu kigumu: inalinda mchoro fulani uliochorwa na mtu fulani, staili hailindwi. Yeyote anaweza kuchora chui wa kitingatinga, popote alipo, bila kumlipa mtu wa Oysterbay hata senti tano.