Kalamu, Printa na Imani: Kumbukumbu za Karatasi katika Ajali ya Three Mile Island, 1979

Utangulizi

Historia ya vyombo vya kupimia viwandani huandikwa mara nyingi kama historia ya usahihi: chombo kipya huja, cha zamani huondoka, na kosa la kipimo hupungua. Mtazamo huo unaacha kando swali lenye uzito mkubwa kwa mwanahistoria: kipimo kikishaandikwa, nani hukiamini, na kwa sababu gani? Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kuchunguza vinasachati na printa zilizokuwa zikifanya kazi katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, Marekani, wakati wa ajali ya tarehe 28 Machi 1979. Kinasachati ni chombo ambacho kalamu yake huchora mabadiliko ya kipimo, kama vile joto au shinikizo, juu ya karatasi inayosogezwa kwa mwendo usiobadilika. Hoja ya msingi ni kwamba ukweli wa ajali ile haukuchelewa kwa kukosa kumbukumbu. Ulichelewa kwa sababu kila chombo kilibeba, ndani ya muundo wake, dhana ya waliokiunda kuhusu matukio yanayowezekana. Tukio lilipoivuka dhana hiyo, wasomaji waliishuku karatasi badala ya kuishuku dhana.

Chimbuko la kalamu inayojiandikia

Wazo la kuifanya mashine iandike hali yake yenyewe ni la kale kuliko viwanda vya umeme. Mnamo 1796 John Southern, msaidizi wa James Watt nchini Uingereza, alibuni namna ya kuifanya kalamu ichore shinikizo la mvuke ndani ya silinda sambamba na mwendo wa pistoni. Mchoro huo ulionyesha kazi iliyofanywa na injini, na kampuni ya Boulton na Watt iliufanya siri ya biashara kwa miaka mingi. Tangu hapo mwanzo, basi, mchoro ulikuwa mali: aliyeweza kuusoma alijua jambo ambalo mshindani wake hakulijua.

Katikati ya karne ya 19, mwanafiziolojia wa Kijerumani Carl Ludwig alitumia kalamu na pipa linalozunguka kuchora shinikizo la damu kadiri muda ulivyopita. Mwaka 1888 William Bristol wa Marekani alipewa hataza ya chombo cha kuandika shinikizo juu ya karatasi ya duara, na mwaka uliofuata ikaanzishwa kampuni ya kukitengeneza mjini Waterbury, Connecticut. Katika karne ya 20 vyombo vya aina hiyo vilienea katika mitambo ya kusafisha mafuta, viwanda vya chuma na vituo vya umeme.

Kuenea huko kulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni uimara. Kinasachati cha kiwandani kilifungwa ndani ya kasha zito ili kistahimili vumbi, joto na mtetemo, na kiliendelea kuandika hata pale ambapo hapakuwa na mtu wa kukitazama. Sababu ya pili ni ya kiutawala. Mshale wa geji huonyesha hali ya sasa na kusahau iliyopita. Mstari wa wino hubaki. Msimamizi aliyeingia asubuhi aliweza kusoma zamu nzima ya usiku kwenye karatasi, na fundi aliyedai kwamba tanuri halikupoa aliweza kuthibitishiwa au kukanushwa. Kinasachati kilikuwa mlinzi wa mtambo na, wakati huohuo, mlinzi wa wafanyakazi.

Kumbukumbu za aina nne ndani ya kituo kimoja

Kinu cha pili cha Three Mile Island kilianza uzalishaji wa kibiashara tarehe 30 Desemba 1978, katika kipindi ambacho kompyuta zilikuwa zimekwisha kuingia katika vyumba vya udhibiti bila kuziondoa kalamu. Kwa hiyo palikuwa na kumbukumbu za aina nne. Kwanza, vinasachati vilivyochora vipimo mbalimbali, kikiwemo shinikizo la ndani ya jengo kinga, yaani jengo la zege linalokizunguka kinu. Pili, printa ya kompyuta iliyoandika kila ishara ya tahadhari kwa mpangilio wa kutokea kwake. Tatu, printa iliyotoa thamani ya kipimo pale mwendeshaji alipoiuliza kompyuta. Nne, kinasadata cha utepe wa sumaku kilichokuwa kimefungwa kwa ajili ya majaribio ya kukianzisha kinu, nacho kiliendelea kukusanya vipimo.

Ajali ilianza takribani saa 10:00 alfajiri. Pampu zilizopeleka maji kwenye majenereta ya mvuke zilisimama, turbini ikajizima, na shinikizo katika mfumo wa kupoza kinu likapanda. Vali ya kupunguza shinikizo ilifunguka kama ilivyokusudiwa, lakini ilipopaswa kufunga ilikwama ikiwa wazi. Taa iliyokuwa mbele ya waendeshaji ilionyesha kwamba amri ya kuifunga vali imetumwa. Haikuonyesha kama vali yenyewe imefunga. Wakati huohuo, kipimo cha chombo cha kudhibiti shinikizo kiliashiria kwamba maji yamejaa, na waendeshaji wakapunguza maji ya dharura yaliyokuwa yakiingia. Maji ya kupoza yaliendelea kuvuja kupitia vali ile kwa zaidi ya saa mbili, hadi njia yake ilipozibwa kwa vali nyingine saa 12:22 asubuhi.

Printa iliyoachwa nyuma

Katika dakika za mwanzo zaidi ya ishara 100 za tahadhari zililia. Printa ya tahadhari iliundwa kwa siku ya kawaida, ambapo ishara huja moja moja na mstari mmoja humalizika kuchapwa kabla ya mwingine kufika. Ishara zilipomiminika kwa mkupuo, zilipangwa foleni katika kumbukumbu ya kompyuta. Tume iliyoteuliwa na Rais Jimmy Carter mwezi Aprili 1979, chini ya uenyekiti wa John Kemeny, ilibaini kwamba printa hiyo ilifikia kuchelewa kwa zaidi ya saa mbili na nusu nyuma ya matukio, na kwamba wakati mmoja ilikwama, hivyo taarifa muhimu zikapotea.

Ucheleweshaji huo ulibadilisha maana ya chombo chenyewe. Mwendeshaji aliyeisoma karatasi ya tahadhari alikuwa akisoma historia huku akihitaji habari. Kila mstari ulikuwa wa kweli na ulipangwa kwa usahihi, lakini ulihusu kinu ambacho hakikuwapo tena katika hali hiyo. Printa ilitunza mfuatano na kupoteza wakati. Kinasachati, kwa upande wake, hakina foleni: kalamu huwa pale kipimo kilipo, na dakika iliyopita huwa milimita chache pembeni mwake. Kwa kigezo hiki, teknolojia ya kale iliendana na dharura kuliko ile mpya, ingawa haikuweza kutaja mamia ya ishara kwa majina yake.

Alama za kuuliza

Printa ya maswali ilileta tatizo la aina nyingine. Juu ya kiini cha kinu palikuwa na vipimajoto vya umeme. Programu ya kompyuta iliwekewa mpaka wa nyuzi 700 za Fahrenheit, sawa na takribani nyuzi 371 za Selsiasi. Joto lolote lililopita mpaka huo halikuchapwa kwa tarakimu. Printa iliandika mfululizo wa alama za kuuliza. Asubuhi ile, eneo ambalo wahandisi walihitaji kulijua kuliko yote ndilo ambalo mashine iliagizwa kutolitaja.

Mafundi walikwenda kupima moja kwa moja kwenye nyaya za vipimajoto. Baadhi ya vipimo vilizidi nyuzi 2,000 za Fahrenheit, vingine vilikuwa vya chini sana. Kwa kuwa vipimo vilitofautiana kiasi hicho, vyote vilionekana visivyoaminika na havikutumiwa kama msingi wa uamuzi. Leo inafahamika kwamba takribani nusu ya kiini iliyeyuka, jambo lililothibitishwa hatua kwa hatua baada ya kamera kuteremshwa ndani ya kinu mwezi Julai 1982. Tofauti kubwa za joto zilikuwa picha halisi ya kiini kilichoharibika kwa viwango visivyolingana. Hata hivyo, anayetarajia kiini kizima husoma picha ya namna hiyo kama kasoro ya vipimajoto.

Mstari wa saa 7:50 mchana

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulichorwa na kinasachati. Fito za fueli zilikuwa zimefunikwa kwa aloi ya zirikoni, na zirikoni yenye joto kali ikikutana na mvuke huzalisha haidrojeni. Gesi hiyo ilikusanyika ndani ya jengo kinga, na saa 7:50 mchana ikaungua kwa ghafla. Mshindo ulisikika katika chumba cha udhibiti. Kalamu ya shinikizo la jengo kinga ilipanda hadi pauni 28 kwa inchi ya mraba na kushuka. Pampu za kunyunyizia maji ndani ya jengo zilijiwasha zenyewe, kisha waendeshaji wakazizima baada ya dakika chache.

Kwa mujibu wa Tume ya Kemeny, mshindo ulidhaniwa kuwa wa milango ya mfumo wa kupitisha hewa, na mchoro uliaguliwa kuwa huenda ni hitilafu ya umeme. Dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi. Karatasi ya kinasachati cha aina hii husogea polepole kwa sababu imekusudiwa kuonyesha mwelekeo wa saa nyingi. Tukio la sekunde chache hubanwa hadi likawa mstari mmoja wima. Kila fundi wa vyombo amewahi kuona mistari ya namna hiyo, na mara nyingi huwa imesababishwa na msukosuko wa umeme kwenye waya. Umbo la mchoro lenyewe lilialika shaka.

Hata hivyo, kalamu haikuwa peke yake. Hitilafu ya kalamu haitoi mshindo, na ni vigumu kuifikiria ikiwasha pampu. Ishara tatu zilikuwepo kwa dakika moja, na kila moja ilipatiwa maelezo yake ya kawaida badala ya kuunganishwa na nyingine. Hapa ndipo kiini cha hoja kilipo: kuliunganisha jambo hilo kulihitaji kukubali kwanza kwamba kiini kimeharibika vibaya, na hakuna chombo kilichoruhusiwa kusema hivyo. Hadi Ijumaa tarehe 30 Machi ndipo mchoro ulipokuwa umetambuliwa kuwa alama ya kuungua kwa haidrojeni. Siku hiyo pia, kufuatia taarifa za gesi ya mionzi kutoka kituoni, Gavana Richard Thornburgh aliwashauri wajawazito na watoto wasiofikia umri wa kwenda shule waondoke katika eneo la maili tano. Wakazi waliishi siku mbili za mwanzo wakiwa na maelezo pungufu ya hali ambayo tayari ilikuwa imeandikwa kwa wino.

Karatasi mbele ya wachunguzi

Baada ya ajali, hadhi ya kumbukumbu hizi ilibadilika. Utepe wa sumaku, ambao haukuwa sehemu ya maonyesho ya kila siku kwa waendeshaji, uligeuka kuwa chanzo muhimu cha kuunda upya mfuatano wa matukio. Michoro ya kalamu ililinganishwa nao dakika kwa dakika. Mstari wa saa 7:50 uliingia katika mjadala mzito zaidi: wasimamizi walielewa nini siku ile, na je, mamlaka ziliarifiwa ipasavyo? Wachunguzi wa Tume ya Kudhibiti Nyuklia na wa Bunge la Marekani waliutafiti mjadala huo hadi mwaka 1981. Waliojadiliwa walikuwa wasomaji wa mchoro. Kuwepo kwa mchoro hakukubishaniwa na yeyote.

Mabadiliko yaliyofuata yanaonyesha somo lililochukuliwa. Mwongozo wa Tume ya Kudhibiti Nyuklia kuhusu vyombo vya kufuatilia ajali, katika toleo la Desemba 1980, ulitaka vipimo muhimu viwe na upeo unaovuka hali ya kawaida, na vile vya msingi viandikwe ili mwenendo wake uonekane. Kwa maneno mengine, chombo kilipewa ruhusa ya kusema lililokuwa haliwaziki. Thamani ya karatasi ilionekana tena nchini Japani mwaka 2011, pale kampuni inayomiliki kituo cha Fukushima Daiichi ilipotoa hadharani chati za vinasachati vyake mwezi Mei, zikatumika kueleza saa za mwanzo za ajali ya tarehe 11 Machi.

Hitimisho

Uchunguzi huu unaonyesha kwamba uimara wa kinasachati una pande mbili. Upande mmoja ni wa kimaumbile: kasha, wino na karatasi visivyokatishwa na mkanganyiko wa chumba. Kwa upande huo, vinasachati vya Three Mile Island vilitimiza wajibu wake. Upande wa pili ni wa kijamii, nao ni uwezo wa taasisi kuuchukulia mstari usiotarajiwa kama taarifa hadi ithibitike vinginevyo. Upande huo ndio uliovunjika. Printa iliyochelewa, alama za kuuliza na mstari wima vilitofautiana kiufundi, lakini vyote vilionyesha mahali ambapo wasanifu walikuwa wameacha kuwaza. Mwanahistoria anayezisoma karatasi hizi leo hana budi kuuliza zilipima nini, na pia ziliundwa zisiweze kusema nini.