Kumnyima mtoto shamba kwa karatasi si mila ya Kipsigis

Ukitaka kuona watu wakikasirika mtandaoni, weka stori ya mtoto aliyepeleka wosia wa babake kortini. Huku kwetu Kericho na Bomet komenti huwa ni zile zile. Mzee ameshaongea. Utapata laana. Hiyo ni tabia ya wazungu, sisi tuna mila. Na kama mlalamishi ni msichana, ongeza ingine mia moja za kumuuliza kwani bwanake hana shamba.

Hiyo ya wazungu na mila ndiyo imenifanya niandike, kwa sababu ukifuatilia historia unapata stori tofauti kabisa. Ule uwezo wa mzee mmoja kukaa na wakili na kuandika kwamba mtoto fulani asipate hata kichaka kimoja cha chai hautoki kwa babu zetu. Ulikuja na hati ya shamba.

Turudi kabla ya chai. Mali ya Kipsigis ilikuwa ng'ombe. Ardhi ilitumiwa, watu walilima na kulisha, lakini hakukuwa na mtu mwenye karatasi ya kusema hii ni yangu peke yangu mpaka nife. Mzee akiwa na wake wawili au watatu, kila nyumba ilikuwa na ng'ombe wake, na hao walikuwa wa watoto wa kiume wa mama huyo. Kuchukua ng'ombe wa nyumba moja akapeleka kwa nyumba ingine kulimwachia deni, na kila mtu alijua. Peristiany, mtafiti aliyeishi na Wakipsigis miaka ya 1930 na kutoa kitabu chake 1939, aliandika kuhusu mfumo huu. Na ugomvi ukitokea kulikuwa na kokwet, yaani wazee na majirani wanaokaa chini kusikiza kila upande.

Kwa hivyo neno la mwisho la mzee lilikuwa na uzito, hilo sikatai. Lakini alilisema mbele ya watu waliomjua yeye, wakawajua watoto wake, na wangeweza kumuuliza: huyu umemwacha kwa nini?

Sasa msinielewe vibaya, haikuwa paradiso. Wasichana hawakurithi. Mama asiyekuwa na mtoto wa kiume angeweza "kuoa" mwanamke mwingine ili watoto watakaozaliwa washike ile nyumba, kile tunachoita kitum chi toloch. Watu wanapenda kutaja hii wakionyesha jinsi mila ilivyokuwa na akili, na kweli ilikuwa na akili. Lakini ona pia inakwambia nini: boma lingetafuta mtoto wa kiume kwa njia ndefu hivyo wakati mabinti wa damu wako hapo hapo jikoni.

Halafu mkoloni akaja, akachukua sehemu tamu. Miaka ya 1920 Brooke Bond na James Finlay waliingia Kericho na chai ya makampuni. Mwaka 1934 serikali ikatunga sheria ya kuhamisha ukoo wa Talai, wakapelekwa Gwassi karibu na ziwa. Waliobaki walisukumwa kwenye rizavu, na nafasi ikipungua, watu wakaanza kuweka ua. Plau ya ng'ombe na mahindi ya kuuza vilisaidia, kwa sababu sasa kipande cha ardhi kilikuwa kinaleta pesa. Serikali ilipokuja na mpango wa Swynnerton mwaka 1954, kwamba Waafrika wapewe hati na waruhusiwe kupanda mazao ya pesa, Wakipsigis wengi tayari walikuwa wamejikatia vipande vyao.

Sheria ya kusajili ardhi ya 1963 ndiyo ilimaliza kazi. Karatasi ilitaka jina, na jina lililoandikwa kwa kawaida lilikuwa la baba. La mama halikuwepo, la watoto halikuwepo, na kokwet haina mahali pa kuandikwa kwenye hati. Mwaka 1972, kwenye kesi ya Obiero dhidi ya Opiyo, korti ilisema kwamba haki za kimila haziwezi kumshinda mwenye jina kwenye rejista. Hiyo ilikuwa ardhi ya Wajaluo, lakini msimamo huo ulihusu kila mtu mwenye hati.

Na juu ya hati ikaja chai yenyewe. Kwa muda mrefu Mwafrika hakuruhusiwa kuipanda. Mamlaka ya mazao maalum iliundwa 1960, halafu KTDA ikaanza 1964, na wazee wetu wakapanda. Chai si mahindi. Kichaka ukikitunza kinaweza kukaa zaidi ya miaka 50, na kinachumwa mwaka mzima. Mkulima ana namba yake, majani yakipimwa kwenye kituo cha kununulia yanaingia kwa namba hiyo, na pesa ya mwezi na bonasi ya mwaka zinafuata hiyo namba. Mathe anaweza kuchuma miaka 30, mgongo umepinda, na namba iko kwa jina la mzee. Mtu akisema watoto wanapigania "ka-ekari kamoja tu", ajue kwamba hako ka-ekari kanalipa kila mwezi, na kataendelea kulipa wakati wajukuu wao ni wazee.

Kwa hivyo kufikia miaka ya 1970 kulikuwa na mwanaume mmoja mwenye hati, mwenye namba, na mwenye akaunti. Kalamu ya wosia nayo ilikuwa imeshafika: sheria ya 1961 iliruhusu Waafrika kuandika wosia. Mwaka 1967 serikali ikaunda tume ya mirathi chini ya Humphrey Slade, Bunge likapitisha Sheria ya Urithi 1972, na ikakaa kwenye kabati mpaka Julai 1, 1981 ndipo ikaanza kutumika. Miaka tisa, wasee.

Kifungu cha 5 cha sheria hiyo kinampa mtu mzima mwenye akili timamu ruhusa ya kugawa mali yake kwa wosia. Hapo ndipo watu wengi huacha kusoma. Wanaruka kifungu cha 26, kinachosema kwamba kama wosia haukumpa mtegemezi fungu la kutosha, anaweza kuomba korti imtolee fungu kutoka kwa mali. Na kifungu cha 29 kinaposema mtegemezi ni nani, mke na watoto wanatajwa wa kwanza, iwe marehemu alikuwa anawalisha kabla ya kufa au la. Mtoto wa miaka 40 mwenye kazi Nairobi bado anahesabiwa. Binti aliyeolewa Bureti bado anahesabiwa.

Wazo hilo lilianzia New Zealand. Mwaka 1900 walipitisha sheria ya kuzuia mtu kufa akiwaachia mali watu wa nje huku mke na watoto wake wakikosa chakula. Uingereza ikaiga 1938, na sisi tukaipata baadaye. Ndiyo, dawa nayo ni ya wazungu. Lakini ukiniuliza ni gani kati ya hizi mbili inakaribiana na wazee wa kokwet, mzee kuandika peke yake ofisini au watu kukaa chini kuuliza kwa nini mtoto fulani ameachwa, mimi jibu langu mnalijua.

Maana hicho ndicho jaji anafanya. Kifungu cha 28 kinamwambia aangalie mali ni kiasi gani, mwombaji ana nini na anahitaji nini, kama mzee alishampa kitu akiwa hai, alivyomtendea mzazi wake, hali ya wale wengine walioandikwa, na sababu za mzee kama zinajulikana. Hiyo ya tabia ina meno. Kama mzee alikuuzia ng'ombe watano ukasoma, halafu ukapotea miaka 15 bila hata simu, hayo yote yatasemwa mbele yako. Na hakuna mahali sheria imeahidi mafungu sawa hapo. Inaahidi fungu la kutosha, na jaji anaweza kusema ulishapata lako.

Mwaka 1996, kwenye kesi ya Ndolo dhidi ya Ndolo, Mahakama ya Rufaa ilieleza vizuri: uhuru wa kuandika wosia upo, lakini kama uhuru mwingine wowote una wajibu ndani yake, na haumruhusu mtu kuwaumiza wale waliokuwa mzigo wake akiwa hai. Majaji wanaitaja mpaka leo.

Kuna njia nyingine, ya kushambulia wosia wenyewe, na watu huzichanganya. Wosia wa maandishi unahitaji sahihi au alama ya mzee na mashahidi wawili. Kama alilazimishwa au alidanganywa, hausimami. Lakini wewe unayesema mzee hakuwa na akili timamu ndiye unayebeba mzigo wa kuthibitisha, na "mzee asingeweza kunifanyia hivi" si ushahidi. Ukishindwa hapo, kifungu cha 26 bado kiko.

Na ardhi yenyewe ilitoka wapi? Mwaka 2018, kwenye kesi ya Kiebia iliyotoka Meru, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mwenye jina kwenye hati anaweza kuwa ameshikilia shamba kwa niaba ya familia, hata kama hati haisemi hivyo. Lazima uthibitishe. Lakini kama shamba ni la babu, na baba aliandikwa tu kwa sababu ndiye alikuwa mkubwa, swali linakuwa kama lilikuwa lake kugawa. Ile hesabu ya Obiero ya 1972 imebadilika sana.

Kwa mabinti, kesi ya kusoma ni Rono dhidi ya Rono, ya Uasin Gishu, Wakalenjin wenzetu. Mzee alikufa 1988 bila wosia, akaacha ekari 192, wake wawili, wavulana watatu na wasichana sita. Nyumba ya pili ilikuwa na wasichana peke yake. Mahakama Kuu iliwapa mabinti kidogo kuliko wavulana, kwa hoja kwamba wataolewa. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ilikataa hoja hiyo na kuwapa watoto wote mafungu sawa. Pale hakukuwa na wosia, kwa hivyo usiibebe mzima mzima kwa kesi yako. Lakini ile hoja ya "ataolewa" ilipigwa hapo, na Katiba ya 2010 ikaongezea kwa kukataza ubaguzi wa kijinsia kwenye sheria na mila za ardhi.

Kitu kinachoumiza wengi ni muda. Ombi la kifungu cha 26 halipokelewi baada ya korti kuthibitisha ile hati ya msimamizi wa mirathi, na kwa kawaida hati hiyo huthibitishwa miezi sita baada ya kutolewa. Tangazo la kesi hutokea kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo sijui ni nani pale Mogogosiek analisoma na chai ya asubuhi. Kaka mkubwa anasema tusubiri mathe apone uchungu kwanza. Mnasubiri. Siku unakuja kuuliza, shamba lina hati mpya na bonasi ya Oktoba imeingia kwa namba ingine.