Jeni za usingizi

Jeni za usingizi ni jeni zinazoongoza muda na aina ya usingizi kwa binadamu na wanyama. Kadhaa zimetambuliwa kwa kuchunguza panya wa maabara (*Mus musculus*), kwa kuwa ni mamalia kama sisi na huzaana haraka.

Panya dume hupewa kemikali inayobadilisha DNA ya mbegu zao bila mpangilio. Watoto wao hupimwa mawimbi ya umeme ya ubongo. Anayelala tofauti na wenzake huzalishwa, kisha jeni iliyobadilika hutafutwa katika ukoo wake. Mwaka 2016 kundi la Hiromasa Funato na Masashi Yanagisawa wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, lilitangaza matokeo ya panya zaidi ya 8,000: badiliko katika jeni *Sik3* liliongeza haja ya usingizi, na lile la jeni *Nalcn* lilipunguza usingizi wa ndoto.

Kwa Afrika Mashariki elimu hii inagusa malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku. Mwaka 2018 uchunguzi wa panya ulionyesha kwamba vimelea vya malale huvuruga saa ya mwili, ambayo nayo huendeshwa na jeni.